Niliyeandika Majina

Nilikuwa na kaunta buku yenye jalada la bluu. Juu yake niliandika jina la klabu yetu ya Kiingereza kwa kalamu ya rangi, nikachora ua pembeni. Ndani nilipiga mistari kwa rula: tarehe, jina, kidato, mahali, lugha. Katika safu ya mwisho kulikuwa na herufi mbili tu za kuchagua. S ilikuwa Kiswahili. K ilikuwa kilugha.

Ilikuwa mwaka 2013, nikiwa kidato cha tatu katika shule ya bweni mkoani Singida, na mimi ndiye niliyekuwa katibu wa klabu. Sheria ilikuwa rahisi. Ndani ya uzio wa shule, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, mwanafunzi azungumze Kiingereza. Atakayesikika akizungumza Kiswahili nje ya kipindi cha Kiswahili alipe shilingi 100. Atakayesikika akizungumza kilugha alipe 200. Asiye na hela alisafisha vyoo. Ijumaa jioni, paredini, mwalimu wa zamu alilipokea daftari kutoka kwangu na kusoma majina kwa sauti. Zile hela hazikuliwa na mtu, hilo nataka kulisema kwa haki. Zilinunua kamusi mbili na soda za siku ya mdahalo.

Sikuwahi kujiuliza kwa nini kilugha kilikuwa ghali mara mbili ya Kiswahili. Leo nadhani naelewa. Aliyeongea Kiswahili alionekana mvivu. Aliyeongea kilugha alionekana mshamba. Uvivu unasameheka.

Jumatano moja alikuja bibi wa mwanafunzi mwenzetu. Haikuwa siku ya kutembelewa, lakini ndiyo siku aliyopata lifti ya Fuso lililokuwa linakwenda mnadani, na mlinzi akamwonea huruma akamfungulia. Nilikuwa karibu na geti. Nilimsikia akijaribu kumsalimia mlinzi kwa Kiswahili, na mlinzi, alipoona maneno yanamwishia yule mama mzee, akahamia Kinyaturu. Mlinzi hakuwa mwanafunzi. Kwake sheria haikuhusika.

Bibi na mjukuu walikaa juu ya jiwe chini ya mwarobaini, karibu na jengo la utawala. Singida jiwe la kukalia halikosekani. Bibi alikuwa na mfuko wa karanga na chupa ya asali, na alikuwa ameshika kiganja cha mjukuu wake huku anaongea, taratibu, kama mtu anayesimulia habari za msiba au za ng'ombe. Mjukuu alikuwa anaitikia kwa kichwa, na mara mojamoja kwa neno. Mimi nilikuwa napita kwenda maktaba. Hakuna aliyenituma. Hakukuwa na mwalimu karibu wala kiranja mwingine. Nilisimama nyuma ya kona ya jengo, nikafungua daftari, nikaandika tarehe, jina, kidato cha pili, mwarobaini, K.

Ijumaa jina lake lilisomwa. Hakuwa na hela, au alikuwa nazo akakataa kuzitoa, sikuwahi kujua. Alisafisha vyoo wiki nzima. Hakuniuliza kitu, na nilipopishana naye kwenye foleni ya bwalo alinipa shikamoo kama kawaida, kwa sababu nilikuwa dada wa kidato cha juu.

Nimesoma baadaye kwamba jambo hili lina historia ndefu. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu ukombozi wa fikra, anasimulia jinsi katika shule za Kenya ya kikoloni aliyekamatwa akizungumza Kikikuyu alivyopewa alama ya kuibeba, naye akaipitisha kwa atakayemsikia akikosea, hadi jioni ikajulikana nani alianza na nani alifuata. Huko Wales, katika karne ya 19, kuna watoto waliovishwa kipande cha ubao shingoni kwa kosa la kuzungumza Kiwelishi. Waliopitia hayo wameandika, na watoto na wajukuu wao wameandika. Nimezisoma simulizi hizo kwa shauku ya mtu anayejitafuta. Kila nilipofika kwenye ukurasa wa aliyeandika majina, nilimkuta ni kivuli. Hana jina wala bibi. Anaingia, anaripoti, anaondoka.

Mimi ndiye yule.

Kwa miaka kadhaa nilijitetea kwa hoja mbili. Ya kwanza, nilikuwa na miaka 15. Ya pili, sheria haikuwa yangu. Hoja ya kwanza ina uzito na sitaki kuidharau. Sipendi maandishi ambamo mtu mzima anamchapa viboko mtoto aliyekuwa yeye ili wasomaji wamwone mnyenyekevu. Hoja ya pili ndiyo inayonisumbua. Ni kweli sheria haikuwa yangu. Lakini sheria yoyote, hata kali namna gani, ina nafasi katikati yake ambamo mtu mdogo anaamua. Mlinzi alikuwa na sheria yake kuhusu siku za wageni, na alimfungulia bibi geti. Mimi nilikuwa na yangu, na nilijificha nyuma ya kona ili niandike. Kama nisingeandika, hakuna ambaye angejua. Sikuwa nalazimishwa na chochote isipokuwa hamu ya kuwa na ukurasa uliojaa siku ya Ijumaa.

Kuna jambo jingine ambalo sikuwa naliona wakati ule. Mimi mwenyewe ni Mnyaturu. Baba yangu alizaliwa Ikungi. Lakini alikuwa mtumishi wa serikali wa kuhamishwahamishwa, mama yangu ni Mnyiramba, na nyumbani kwetu lugha iliyowakutanisha ilikuwa Kiswahili. Nilikua nikielewa Kinyaturu kama mtu anavyoelewa redio ya jirani kupitia ukutani. Yule msichana alikuwa na kitu ambacho mimi sikuwa nacho, na mimi nilikuwa na kalamu. Sisemi kwamba nilimwonea wivu. Nasema tu kwamba nilipowasikia chini ya mwarobaini nilielewa labda nusu ya yaliyosemwa, na mara nyingi nimejiuliza kama ningewaacha laiti ningeelewa yote.

Kidato cha tano nilipangiwa shule nyingine, mkoani humohumo. Nilikuwa nasoma HKL. Wanaozijua shule zetu za kidato cha tano na sita wanajua zilivyo: wanafunzi wanapangwa kutoka nchi nzima, kwa hiyo bweni moja lina Mhaya, Mmakonde, Mngoni, Msukuma na Mpare, na Singida yenyewe ni mandhari tu ya nyuma, upepo, vumbi na mawe. Shule ile ilikuwa na klabu mbili zilizokuwa zinaheshimika. Moja ilikuwa ya Kiingereza, na karibu na geti kulikuwa na kibao kinachotangaza kwa herufi kubwa kwamba hapa huzungumzwa Kiingereza tu. Nyingine ilikuwa klabu ya utamaduni. Hii ya pili ilifanya mazoezi Jumamosi alasiri na ilikuwa na siku yake moja kubwa kwa mwaka, ya mahafali ya kidato cha sita, mbele ya mgeni rasmi.

Nilijiunga na zote mbili, na sikuona kichekesho chochote.

Ile klabu ya utamaduni ilikuwa na furaha ya kweli, nisije nikaonekana naibeza. Wasukuma walicheza bugobogobo na majembe yaliyoazimwa stoo. Wangoni walitufundisha lizombe hadi miguu ikauma. Niliona msichana wa Mtwara, mkimya darasani kiasi cha kusahaulika, akicheza sindimba na kugeuka mtu mwingine kabisa. Kwa wengi wetu ilikuwa mara ya kwanza kujua kwamba jirani yetu wa kitanda cha juu alitoka mahali fulani hasa, penye nyimbo.

Kisha ikaja zamu ya wenyeji. Shule ipo Singida, mgeni rasmi atataka kuona kitu cha Singida, na Wanyaturu tulikuwa watatu. Mimi nikateuliwa kuongoza wimbo. Mwenzetu mmoja alipata maneno kwa binamu yake kwa njia ya ujumbe wa simu ya mlezi wa bweni, nikayanakili ubaoni kwa tahajia ya Kiswahili, tukakariri. Pia tuliandaa igizo la Liti, yule mwanamke shujaa ambaye wazee wa Singida husimulia kwamba aliwatumia nyuki kupigana na Wajerumani, na ambaye uwanja wa mpira wa mjini, zamani Namfua, sasa una jina lake. Igizo lilikuwa la Kiingereza, kwa sababu yalikuwa mahafali na kulikuwa na wageni. Kwa hiyo Liti aliwaita nyuki wake kwa Kiingereza, na Wajerumani nao wakakimbia wakipiga mayowe kwa Kiingereza. Nyuki peke yao ndio walibaki na lugha yao.

Siku moja tulikuwa tunafanya mazoezi nyuma ya bwalo na mmoja wa wapishi akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama kutusikiliza. Alikuwa mama wa makamo, Mnyaturu wa vijiji vya jirani. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya kanga. "Mwanangu," aliniambia, "hapo unaimba nini? Mbona sikusikii?" Akatamka neno langu kama nilivyolitamka, kisha akalitamka kama linavyopaswa, na mimi sikusikia tofauti. Akarudia. Sikusikia. Akarudia tena, sasa akiwa na huruma, na bado sikusikia.

Nilikuja kuelewa sababu nikiwa chuo kikuu. Kiswahili kina irabu tano. Kinyaturu kina saba, na juu ya hizo kina toni, ambapo kupanda na kushuka kwa sauti kunabadilisha maana. Nilipoandika wimbo ule ubaoni kwa herufi za Kiswahili, irabu mbili hazikuwa na pa kukaa, na toni zote zilianguka sakafuni pamoja na vumbi la chaki. Tulichokariri kilikuwa umbo la wimbo ambao mwenye lugha hakuweza kuusikia. Na sikio langu, lililolelewa na irabu tano, halikuwa na uwezo wa kukosolewa.

Wiki mbili zilizofuata nilikuwa nakwenda jikoni jioni, nakaa kwenye moshi, na yule mama ananirekebisha huku anakoroga ugali wa watu mia tano. Nilijifunza pale zaidi ya nilivyojifunza klabuni mwaka mzima. Siku ya mahafali tuliimba. Mgeni rasmi alisimama kucheza nasi, akatutuza noti, na katika hotuba yake akasema vijana tusiache mila zetu, kwa maana taifa lisilo na utamaduni ni taifa lililokufa. Tulipiga makofi. Yule mama alikuwa nyuma ya bwalo anapakua pilau. Hakuna aliyemzuia kuja kutazama. Hakuna pia aliyemwita, na mimi nikiwa mmoja wa hao.

Hapa ndipo swali langu lilipo. Klabu za namna hii zinadhani tatizo ni lugha. Lugha inaumwa, inakaribia kufa, basi tuipandishe jukwaani, tuivalishe kaniki na shanga na njuga, tuipigie makofi mara moja kwa mwaka. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazitaja lugha zetu za jamii kuwa ni hazina. Ni neno zuri, lakini hazina ni kitu unachokifungia kabatini. Mbali na hilo, lugha haiumwi. Sikukosea Kinyaturu siku ile ya Jumatano. Kinyaturu hakikusafisha vyoo. Aliyesafisha alikuwa mtoto wa kidato cha pili, na kilichoguswa ni kitu kilichokuwa kati yake na bibi yake. Kama kuna kosa la kimaadili katika habari hii, lilitendwa kwa watu wawili waliokaa juu ya jiwe, na huwezi kulilipa kwa kumwimbia mgeni rasmi.

Najua majibu. Nimeyasikia kwenye semina na nimeyatoa mwenyewe.

La kwanza ni umoja. Nyerere alikuwa mtoto wa Kizanaki, moja ya lugha ndogo za nchi hii, na bado alituongoza kwa Kiswahili. Na leo mtu wa Singida anaoa Tunduru bila kumtafuta mkalimani. Wanaotoa hoja hii hunyoosha kidole Kenya, ambako Kameme hutangaza kwa Kikikuyu na Ramogi kwa Kijaluo, wakati redio zetu ni za Kiswahili na Kiingereza. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, mtangazaji wa redio ya Kikalenjin, Joshua arap Sang wa Kass FM, alifikishwa mahakama ya ICC. Majaji waliikomesha kesi mwaka 2016 kwa sababu ushahidi haukutosha, lakini hofu ya redio za kilugha haikukoma nayo. Mimi siidharau hofu hiyo. Baba na mama yangu wasingeoana bila Kiswahili, na mimi nisingekuwepo kukilalamikia. Ila naona umbali mrefu kati ya redio na jiwe chini ya mwarobaini. Bibi yule hakuwa anahamasisha mtu. Alikuwa anaongea na mjukuu kwa lugha pekee aliyokuwa nayo. Umoja unaotishwa na jambo kama hilo mimi siuelewi.

Jibu la pili ni gumu zaidi, kwa sababu linatoka kwa wenyewe. Wazazi ndio wanaotaka. Marehemu bibi yangu wa Ikungi, mzaa baba, nilipomwambia nataka anifundishe Kinyaturu vizuri, aliniangalia kama nimemwomba anifundishe kuchunga. Alisema Kinyaturu hakinifikishi hata Manyoni. Alikuwa sahihi kabisa. Nimesoma mpaka shahada ya pili kwa kupanda juu ya Kiingereza, na Kiingereza nilikipata kwa sehemu kwa sababu ya ile kaunta buku ya bluu. Basi ni nani mimi, niliyelipwa kwa kuiacha lugha, nimwambie mtoto wa Ilongero aishikilie? Wahifadhi wengi wa lugha ninaowajua wanaishi Dar es Salaam au Dodoma na watoto wao wanasoma shule za mchepuo wa Kiingereza. Tunawaomba maskini watutunzie tulichokitupa.

Jambo hili linaonekana wazi zaidi Mkalama. Mkoa wetu na mikoa jirani ni eneo la ajabu kwa wanaisimu: ndani ya eneo dogo unawakuta Wabantu kama sisi na Wanyiramba, Wataturu wenye lugha ya Kinilo, Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, na Wahadzabe, ambao lugha yao yenye vidoko haijathibitika kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote duniani. Wazungumzaji wake ni takribani elfu moja tu. Wengine wapo Munguli, wilayani Mkalama. Mtoto wa Munguli anapoanza darasa la kwanza anafundishwa kwa Kiswahili, kama mtoto wa Ilala, na akifika sekondari anafundishwa kwa Kiingereza. Dunia nzima ya wasomi inataka mtoto huyo aendelee kuzungumza Kihadza. Kikipotea, hakuna pa kukipata tena, hakuna hata binamu wa kukikumbuka. Nakubali kwamba ni hasara. Lakini kila ninapousoma wito huo natafuta sentensi inayosema yule mtoto atapata nini, na mara nyingi siioni.

Kwa hiyo nikajikuta nimekwama. Ikiwa watu ndio wanaodhulumiwa na lugha haidhulumiki, basi msichana yule akiamua kwa hiari yake kwamba mtoto wake asikijue Kinyaturu, hakuna kosa lililotendeka na hakuna cha kusikitikia. Hoja yangu mwenyewe inanifikisha hapo. Na mimi nasikitika.

Mwaka wa kwanza wa umahiri tulisoma makala za Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana aliyefariki 2022. Wiredu alipendekeza jambo ambalo ukilisikia unaona ni dogo: chukua tatizo la falsafa ulilofundishwa kwa Kiingereza, jaribu kulifikiri kwa lugha yako ya mama, uone kama bado ni tatizo. Yeye alifanya hivyo kwa Kiakan, kuhusu dhana ya ukweli, na akaona kwamba baadhi ya mafundo ya wanafalsafa ni mafundo ya Kiingereza tu. Profesa akatuambia kila mmoja ajaribu kwa lugha yake, wiki ijayo tulete majibu. Msukuma wa darasa letu alileta kurasa nne. Mhehe alileta tatu. Mimi nilikaa na daftari usiku kucha nikitaka kulifikiri neno "kosa" kwa Kinyaturu. Nilikuwa na maneno ya jikoni, maamkizi, majina ya mifugo, na wimbo mmoja. Niliwasilisha kwa Kiswahili. Profesa hakusema kitu, maana Kiswahili pia ni lugha yangu ya mama, na ndiyo pekee. Lakini nilielewa kwamba kuna chumba katika nyumba yetu ambacho ufunguo wake ulitupwa kabla sijazaliwa, na kwamba kuna mwenzangu mmoja niliyemtoza faini kwa kuwa na ufunguo.

Tasnifu yangu ninaiandika kuhusu irabu za Kinyaturu. Nilipata kibali cha utafiti kutoka chuo, nikapeleka barua kwa Katibu Tawala wa Mkoa, nikapewa barua nyingine za kupeleka kwingine. Nilihitaji wazungumzaji ishirini, wanaume kwa wanawake, wa rika mbalimbali. Bajeti yangu iliruhusu posho ya shilingi 10,000 kwa mtu kwa kurekodiwa saa moja. Nilikuwa Singida mjini nikiulizia watu wenye Kinyaturu safi cha upande wa Ilongero, na mtu akanielekeza kwa mama mmoja anayeuza mafuta ya alizeti na asali karibu na stendi. "Huyo alilelewa na bibi," aliniambia. "Anakijua hasa."

Nilimtambua kabla hajainua uso. Yeye hakunitambua, au hakuonyesha. Alikuwa na mtoto wa miaka kama minne aliyekuwa anapanga vifuniko vya chupa chini. Nilijieleza: chuo, utafiti, sauti za Kinyaturu, saa moja, posho. Alinisikiliza huku akimhudumia abiria wa basi la Mwanza dirishani. Aliporudi alisema, kwa Kiswahili, "Kwa hiyo mnanilipa niongee Kinyaturu?"

Nikasema ndiyo.

"Zamani mimi nilitozwa."

Ndipo nikamwambia. Sikuwa nimejiandaa, na nilisema vibaya, nilianza na mwaka na jina la shule kama mtu anayejaza fomu. Nilimwambia kuhusu kona ya jengo. Nilimwambia kwamba hakuna aliyenituma. Alinyamaza muda ambao mtu angeweza kupima lita mbili za mafuta. Kisha akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukifikiria katika miaka yote ya kulifikiri jambo hili. Vyoo hata havikumbuki sana, wote tulisafisha vyoo kwa kosa hili au lile. Anachokikumbuka ni kwamba baada ya ile Ijumaa alimwambia bibi yake asiingie tena ndani ya shule. Bibi alikuja mara nyingine tatu au nne mpaka alipofariki, akiwa kidato cha nne. Kila mara alisubiri ng'ambo ya barabara, juani, na mjukuu akaomba ruhusa ya kwenda dukani.

"Hakuniuliza kwa nini," alisema. "Alidhani namwonea haya."

"Ulimwonea?" niliuliza. Sijui kwa nini niliuliza hivyo.

"Kidogo," alisema. "Mwishoni, kidogo."

Sikuomba msamaha wakati ule. Niliomba jioni, tulipokuwa tunamaliza kurekodi nyumbani kwake, na alinijibu kwa namna ambayo sitaiandika hapa kwa sababu ni yake. Kabla ya kurekodi kulikuwa na fomu ya ridhaa. Kamati ya maadili ya chuo inataka jina kamili, tarehe, mahali, lugha. Nilijaza mimi kwa sababu mikono yake ilikuwa na mafuta. Nilipofika kwenye safu ya lugha kalamu ilisimama, akaniona, akasema, "Andika tu dada, leo si umesema ni halali?"

Nilimuuliza kama mtoto anakijua Kinyaturu. Akasema hapana, anaongea naye Kiswahili, na mwakani anampeleka shule ya mchepuo wa Kiingereza, ameanza kuweka hela. Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa na noti ya 10,000 mfukoni niliyokuwa nimemwandalia, na nikafikiri ni sehemu gani ya ada itakayoingia humo. Nikanyamaza.

Orodha ya maneno ilikuwa na vipengele mia mbili. Alivitamka kimoja kimoja, mara tatu kila kimoja, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mgonjwa kutembea. Nilikuwa na vifaa vya masikioni na bado kuna jozi za maneno ambazo sikuzitofautisha. Nilimwambia wazi kwamba sisikii, kompyuta ndiyo itakayonionyesha. Alishangaa. Alisogeza kiti, akaniambia nitazame mdomo wake, akalitamka la kwanza, akalitamka la pili. Nikajaribu. Akatikisa kichwa. Yule mtoto, aliyekuwa mlangoni na vifuniko vyake, akalirudia neno la pili, mara moja, bila kuangalia juu, na mama yake akageuka kumtazama.